Kahawa ya melini ina harufu ya hospitali: jibu kwa mzee wa Ujiji

Swali limetoka kwa mzee mmoja wa Ujiji, baharia mstaafu wa Ziwa Tanganyika. Barua yake ilikuwa ndefu, nimeifupisha:

"Mwanangu, mwaka jana binti yangu anayeishi Ujerumani alitukatia tiketi mimi na mama yake. Tukapanda meli ya kitalii pale Genoa, siku saba baharini. Chakula sina neno. Lakini kahawa! Asubuhi ya kwanza nilidhani nimepewa dawa ya tumbo. Ina uchachu, ina harufu ya hospitali, na ikipoa haimezeki. Tulipoteremka Barcelona nikanywa kahawa ya mtaani, safi kabisa. Mimi nimekunywa kahawa ya dele hapa Ujiji miaka hamsini, na melini nimefanya kazi, chombo nakijua. Meli ya mabilioni inashindwaje na muuza kahawa wa kijiweni? Au ulimi wangu umezeeka? Mama yao alikunywa chai siku zote saba na hakulalamika hata mara moja."

Shikamoo Mzee. Ulimi wako ni mzima. Ulichokunywa ndicho nilichokuwa nakitengeneza mimi mwenyewe kwa miaka tisa, katika jiko la vinywaji la meli za namna hiyo, kabla sijarudi nyumbani kukaanga kahawa ya Kalinzi, kule milimani Kigoma, hapa Mwanga mjini. Kwa hiyo nianze na pole. Vikombe kama hicho chako nimewapa wazee wengi wa watu, tena huku natabasamu, kwa sababu kutabasamu kulikuwamo kwenye mkataba.

Mtu akinywa kahawa mbaya hulaumu buni. Melini, buni mara nyingi haina hatia. Mifuko niliyokuwa nafungua ilikuwa na arabika ya Amerika ya Kusini iliyochanganywa na robusta kidogo, imekaangwa wastani. Haikuwa kahawa ya kujivunia, ila haikuwa ya aibu. Mfuko uleule ungeufungua kwenye mgahawa wa Genoa ungekunywa ukaomba kikombe cha pili. Kosa liko kwenye maji, liko kwenye kusubiri, na liko kwa mtu mmoja aliyekaa ofisini nchi kavu akaamua kwamba kahawa isiyolipiwa isiwe na gharama.

Nitakaa zaidi kwenye maji, maana kikombe cha kahawa ya kuchuja ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, na wewe na mimi tumekulia kwenye maji ya ajabu kuliko tunavyojua.

Meli yenye watu elfu tano haiwezi kubeba maji ya kunywa, kuoga, kupikia na kufulia ya wiki nzima. Hupakia kiasi bandarini, mengine huyatengeneza yenyewe kutoka baharini. Njia ya zamani ni kuyachemsha kwa joto la bure linalotoka kwenye injini, ndani ya tangi lililonyonywa hewa ili maji yachemke mapema, kwenye joto la chini sana ya nyuzi 100. Mvuke unakusanywa, chumvi inabaki nyuma. Njia ya pili ni kuyasukuma kwa shinikizo kubwa yapenye kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi. Kwa vyovyote vile yanatoka matupu, karibu na maji ya mvua. Maji matupu yana njaa, yanakula mabomba ya chuma, kwa hiyo mafundi huyapitisha kwenye madini ya chokaa kidogo ili yatulie. Halafu wanatia klorini.

Hapo kwenye klorini ndipo ilipo hospitali yako. Meli ni mji uliofungiwa ndani ya chuma. Ugonjwa wa tumbo ukiingia unazunguka sitaha zote kwa siku mbili. Ndiyo maana hakuna nahodha anayefanya mzaha na maji. Kanuni za Marekani za usafi wa meli za abiria, ambazo meli nyingi huzifuata kwa sababu msimu mmoja ziko Ulaya na msimu mwingine ziko Miami, zinataka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita hata kwenye bomba la mbali kuliko yote, na isizidi miligramu 5. Sasa fikiria: ili bomba la mwisho kule mbele lipate hiyo 0.2, bomba lililo karibu na tangi linapata kiasi gani? Jiko langu la pili lilikuwa karibu na tangi. Asubuhi nikifungua bomba nilikuwa nasikia harufu ya bwawa la kuogelea kabla sijaona maji.

Klorini peke yake ingevumilika. Balaa ni kwamba ikikutana na jamii ya kemikali ziitwazo fenoli huzaa harufu ya dawa ya kuoshea vidonda, na pua ya binadamu huisikia hata ikiwa chembe tu. Kahawa ina fenoli tele. Dawa ya kuondoa klorini ipo na si ghali: kichujio cha mkaa, kinafungwa nyuma ya mashine. Lakini kichujio hicho kinajaa, kinatakiwa kubadilishwa, na kubadilisha ni kazi ya mtu fulani ambaye zamu yake imekwisha. Meli moja niliyofanyia kazi, karatasi iliyobandikwa kwenye kichujio ilionyesha kwamba kilibadilishwa mara ya mwisho miezi kumi na moja nyuma. Nilipouliza nikaambiwa mbona abiria hawajalalamika. Abiria walikuwa wanalalamika, ila walikuwa wanalalamikia kahawa.

Sasa uchachu. Hapa Mzee nakuomba univumilie, maana nusu ya jibu iko Ujiji, haiko Genoa.

Maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo ndiyo yanatoka kwenye mabomba ya mji wetu, ni ya alkali. Kipimo chake cha pH (7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni alkali) kinakaribia 9, yana magnesi nyingi, na uwezo wake wa kuua uchachu ni mkubwa: ukiupima kwa namna ya wataalamu wa maji unapata zaidi ya miligramu 300 kwa lita. Wataalamu wa kahawa wao wanapendekeza kama 40. Kwa lugha ya jikoni, ziwa letu ni kama maji yaliyotiwa chembe ya magadi. Mama akitia magadi kwenye mlenda au maharage unajua kinachotokea: kitu kinalainika, ladha inakuwa butu, rangi inabadilika. Kahawa nayo ni hivyohivyo. Uchachu wote wa arabika unamalizwa na maji kabla haujafika ulimini. Inabaki uchungu na uzito, ambavyo ndivyo sisi tunavipenda, hasa ikikaangwa hadi iwe nyeusi, ikatiwa tangawizi na kunywewa kwa kashata.

Kwa miaka hamsini hujawahi kuonja uchachu wa kahawa, si kwa sababu haumo, bali kwa sababu ziwa limekuwa likikufichia. Ukapanda meli yenye maji yasiyo na kinga ya maana dhidi ya uchachu, wakakupa kahawa iliyokaangwa wastani, uchachu wote ukaja mbio. Mtu wa Norway aliyeketi meza ya pili, aliyezoea maji laini na kahawa ya kukaangwa kidogo, pengine alihisi klorini tu. Wewe ulipigwa na vyote viwili.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe bila kupanda meli. Masika yakianza, acha mvua mbili tatu zioshe bati kwanza, kisha kinga ndoo ya maji safi ya mvua na uyachemshe. Chukua kahawa ileile, kijiko kilekile, tengeneza vikombe vitatu: cha kwanza kwa maji ya bomba, cha pili kwa maji ya mvua matupu, cha tatu kwa mchanganyiko wa kikombe kimoja cha maji ya bomba na saba vya mvua. Cha pili kitakukumbusha meli, ukiondoa hospitali. Cha tatu sikuambii kitakuwaje. Wakulima wa Kalinzi wanaopeleka kahawa yao kwenye chama cha ushirika cha Kanyovu wanalima arabika ambayo wanunuzi wa nje wanailipia kwa sababu ya uchachu wake mtamu, wa kama tunda, na sisi tunaoishi chini ya mlima huo hatuujui kwa sababu tunaichemsha kwa maji ya ziwa. Hilo huniuma kuliko kahawa ya meli zote za Mediterania.

Tuje kwenye kusubiri.

Kahawa ya bufe haitengenezwi unapoiomba. Mimi nilikuwa naamka saa tisa na nusu usiku. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri mapipa ya chuma ya kutunzia joto yalikuwa yameshajaa, kwa sababu wazee wasiolala huja mapema, na saa mbili asubuhi watu wote wanakuja kwa mkupuo. Piga hesabu: watu elfu tano, kila mmoja vikombe viwili vya mililita 150, ni lita 1,500 za kahawa kwa kifungua kinywa peke yake. Kwa kipimo kizuri cha gramu 55 kwa lita, hizo ni zaidi ya kilo 82 za kahawa iliyosagwa, kila asubuhi. Hakuna anayeweza kuichuja kikombe kwa kikombe. Inachujwa kwa wingi na inawekwa.

Kahawa iliyokwishachujwa ina nusu saa ya uhai. Baada ya hapo, ikiendelea kukaa kwenye joto, asidi zake za asili zinavunjika na kuzaa nyingine kali zaidi, zile zinazokwaruza koo. Harufu nzuri nayo imeshapanda hewani. Ile uliyoijaza saa tatu asubuhi, ukiwa umelala vizuri kama mtalii, huenda ilikuwa kwenye pipa tangu saa moja. Muuza kahawa wa kijiweni naye anakaa na dele juu ya mkaa muda mrefu, utaniambia. Kweli. Lakini yeye anauza vikombe vidogo kwa watu waliokaa palepale wanacheza bao, dele linakwisha, anachemsha jingine. Na kahawa yake haikuwa na harufu ya tunda ya kupoteza tangu mwanzo. Imejengwa kwa uchungu, na uchungu hauharibiki upesi.

Kuna baya zaidi ya pipa. Meli nyingi kwenye bufe hazichuji kahawa kabisa. Zinatumia sirapu: kahawa iliyochujwa kiwandani ikiwa nzito sana, ikapunguzwa maji mpaka ikawa kama asali ya nyuki wadogo, ikatiwa kwenye mfuko ndani ya boksi. Mashine inaungwa kwa mpira kwenye boksi hilo. Unabonyeza kitufe, tone la sirapu linakutana na maji ya moto, kikombe kinajaa kwa sekunde kumi. Ukiona mashine yenye vitufe, isiyotoa sauti ya kusaga wala isiyo na mahali pa kutupa masalia, ndiyo hiyo. Ladha yake naifananisha na uji ulioshika chini ya sufuria. Na ule mpira usiposafishwa kila siku unaota utando, ambao nao unachangia ladha. Nimeshausafisha wa wenzangu, sitasema zaidi, wengine mnasoma huku mnakula.

Kwa nini wafanye hivyo? Wengi husema ni ubahili, na ubahili upo. Lakini mimi niliyekuwa nabeba taka naona sababu nyingine. Gramu moja ya kahawa kavu ikishachujwa inabaki na gramu kama mbili za maji. Zile kilo 82 zinageuka kuwa karibu kilo 250 za masalia yaliyoloa, kila asubuhi, kabla ya chakula cha mchana. Katika Mediterania sheria za kimataifa za uchafuzi wa bahari haziruhusu kumwaga mabaki ya chakula mpaka yasagwe na meli iwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka pwani. Mpaka ufike huko, masalia yanakaa chomboni, yanachukua nafasi na kunuka. Sirapu haina masalia. Haihitaji mtu wa kuamka saa tisa na nusu. Boksi linapangwa stoo kama tofali. Ningekuwa mhasibu wa meli ningeipenda sana.

Na hapa tunafika kwa yule mtu wa ofisini. Kwenye meli hiyohiyo uliyopanda, nina hakika kulikuwa na baa ya kahawa, pengine sitaha ya katikati karibu na maduka, yenye mashine ya espreso inayong'aa, na kijana aliyevaa aproni anasaga buni mbele yako. Pale kahawa inalipiwa. Nayo ni nzuri, kwa sababu kichujio cha mkaa pale kinabadilishwa, kahawa inasagwa papo hapo, maji yanasukumwa kwa shinikizo la kama mara tisa ya lile la hewa kwa muda wa nusu dakika hivi, na unakunywa kabla haijapoa. Mwaka 2010 meli ya Allure of the Seas ilikuwa ya kwanza kufungua mgahawa wa Starbucks baharini, na tangu hapo kampuni zote zimeelewa kwamba mtu aliyelipa maelfu ya dola atalipa tena dola chache ili apate kahawa ya kumezeka. Sisemi kwamba wanaharibu kahawa ya bure kwa makusudi. Nasema hakuna anayepata hasara ikiwa mbaya, na hilo linatosha. Meli chache za kifahari, ambako kila kitu kimo ndani ya tiketi, espreso hutolewa bila malipo, na huko utaona hata kahawa ya mezani imetengenezwa na mtu anayeijali.

Mengine unayoweza kuwa umesikia nayapita haraka. Kwamba ladha hupungua kama kwenye ndege: hapana, hilo ni suala la hewa nyembamba na kavu ya angani, meli iko usawa wa bahari. Kwamba maji ya moto ya melini hayachemki vizuri: kinyume chake, baharini maji huchemka kwenye nyuzi 100, hapa Kigoma yanachemka kwenye 97 hivi kwa sababu ya mwinuko wetu, na kahawa haijali tofauti hiyo. Kwamba chumvi inaingia kwenye maji: ikiingia, mafundi wanaijua kabla yako.

Uliuliza pia, kwa utani nadhani, kama Wajerumani wamesahau kutengeneza meli. Hawajasahau. Kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kilichounda Liemba, meli kongwe ya ziwa letu, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapata 5,000 na kuletwa kwa treni hadi hapa Kigoma, ndicho hichohicho leo kinachounda meli kubwa za kitalii. Sijui yako ilitoka kwao. Lakini wanaounda chombo hawahusiki na kinachotiwa kikombeni, na wewe uliyefanya kazi ziwani unajua kwamba melini kahawa nzuri hutegemea ni nani yuko zamu jikoni.

Sasa, binti yako akikata tiketi nyingine, fanya hivi. Asubuhi usiende bufe, nenda ukumbi wa kula wenye wahudumu wa mezani, maana huko kahawa huchujwa kwa mafungu madogo, na mwambie mhudumu, "Nisubirie ile mpya." Watakuheshimu kwa hilo, mimi nilikuwa namheshimu abiria anayejua. Ukibaki na hamu, nunua espreso moja ya baa baada ya chakula cha mchana, uilete kwenye meza ya mama mkae pamoja. Ukiomba waiongezee maji ya moto inakuwa ndefu kama unavyoipenda, na haina lile pipa.

Na ukitaka kubeba ya nyumbani, beba. Robo kilo ya Kalinzi, iliyokaangwa kufikia weusi wa kati, isagwe ukikaribia kusafiri na ifungwe vizuri, pamoja na kichujio kidogo cha plastiki cha kuweka juu ya kikombe. Maji ya moto utayaomba kwenye ile baa ya espreso, si kwenye mashine ya bufe. Birika la umeme usifunge hata kidogo: kwa hofu ya moto, vyombo vya kuchemshia haviruhusiwi vyumbani, watalichukua mlangoni na kukurudishia siku ya kushuka.

Kuhusu mama kutolalamika. Majani ya chai yanataka kinyume cha kile ulichozoea wewe. Maji ya alkali kama yetu huifanya chai ya rangi iwe nyeusi, iliyofifia harufu. Maji laini kama ya melini huitoa nyekundu, ang'avu, yenye harufu yake yote. Huenda mama alikunywa chai nzuri kuliko aliyowahi kuinywa Ujiji, akaona hakuna haja ya kusema kitu wakati mwenzake anagomba na kikombe. Muulize. Na ndoo ile ya mvua ukishaikinga, mpe na yeye nusu.